Sikio la Mwanatumu Mwosha Maiti

Mtaani Shela, Malindi, mwanamke akifa hapakuwa na haja ya kuuliza aitwe nani. Walisema tu, "Mwambieni Mwanatumu," na aliyetumwa alikwisha kuijua nyumba. Mwanatumu binti Aboud alikuwa mwosha maiti wa kike, kazi aliyofunzwa na shangazi yake, Bi Zuleikha, tangu angali mke mchanga. Alikuwa mrefu, mkavu, mikono mipana kama ya mchonga milango, na akiingia nyumba ya msiba waliokuwa wakipiga mayowe walinyamaza wenyewe. Watu walisema yule hana moyo, kifuani kwake mna jiwe. Watoto waliambizana kwamba akikutazama sana anakupimia sanda.

Laiti wangalijua. Katika mji mzima hapakuwa na mtu aliyeogopa kufa kama yeye.

Hakuwaogopa maiti. Maiti amekwisha vuka, hana shari na mtu. Alichokiogopa ni kile kilichowavusha. Kila aliyemwosha alimwachia maradhi yake. Akimwosha aliyekufa kwa tumbo, mwezi mzima tumbo lilimkata. Akimwosha aliyekufa kwa moyo, alilala na vidole kwenye kifundo cha mkono akisikiliza mapigo, na mapigo yakikawia kidogo tu, jasho lilimtoka. Shingoni alikuwa na kitezi kidogo kama punje ya mtama, huenda alizaliwa nacho. Alikibinya kila siku asubuhi na jioni mpaka kikavimba kama kunazi, ndipo akasema, "Si mwaona? Kimekua." Mara moja alipanda basi mpaka Kilifi kwa ajili ya kifua, akapigwa picha, akaambiwa ni mzima wa afya. Furaha ile haikufika naye Malindi. Njiani alikwisha anza kujiuliza kama ile picha ilikuwa yake kweli, ama wamemchanganya na mtu mwengine.

Mumewe, Farjallah, muuza papa mkavu, alikuwa mtu wa maneno machache. "Mwanatumu," alimwambia siku moja, "wewe umekufa mara nyingi kuliko wote unaowaosha."

Mwanatumu hakucheka. Aliona amemtabiria.

Mambo yalizidi mwaka wa themanini na saba, redio ilipoanza kuutaja ule ugonjwa mpya. Kila mtu alikuwa na lake la kueleza, huyu anasema huambukizwa kwa nyembe, huyu anasema kwa kikombe, na Mwanatumu aliyakusanya yote akayaweka moyoni. Mwaka huo huo ndipo sikio lake lilipoziba.

Ilikuwa Ijumaa, shambani Ganda. Alikufa mke mchanga aitwaye Mapenzi, aliyeolewa na Mwislamu wa huko, na kwao hapakuwa na mwanamke ajuaye josho la maiti, ndipo Mwanatumu akaitwa. Alimwosha vizuri, maji ya majani ya mkunazi, kisha ya kafuri, akamsuka nywele mikia mitatu kama inavyotakiwa. Alipokuwa akitoka chumbani, mama wa marehemu, Kadii, alimshika mkono.

"Mama, umemuona kichwa kilivyofura?"

"Nimemuona. Mungu amrehemu."

"Yalianzia sikioni, haya," Kadii akasema. "Alituambia, mama, sikio limeziba. Sisi tukamcheka, tukamwambia utasikia ukiitwa kula. Jumatatu kichwa kikaanza kumwanga. Leo Ijumaa ndio huyu."

Mwanatumu alisema maneno ya kumpoza mfiwa, lakini ulimi ndio uliosema. Yeye mwenyewe alikwisha kwenda mbali. Sikioni. Aliingia kwenye ua wa makuti kuoga, kama ilivyo ada ya mwosha akimaliza kazi, na alipojimwagia kata ya pili kichwani, sikio lake la kulia likafunga kama mlango uliosukumwa na upepo.

Aliinamisha kichwa. Akarukaruka kwa mguu mmoja. Akajipiga kofi upande wa pili. Wapi. Ulimwengu wa kulia ulikuwa umezima, na ndani mle akaanza kusikia kitu kikigonga, dup, dup, dup, kwa mbali, kama mtu atwangaye nyumba ya tatu. Ilikuwa damu yake mwenyewe.

Kuanzia hapo hakuwa na raha tena. Alichemsha kijiko cha mafuta ya nazi na kitunguu thaumu, akajitia yakiwa vuguvugu, sikio likazidi kuwa zito. Alijifukiza mvuke wa mkaratusi chini ya kanga mpaka uso ukamwiva. Aliziba pua akapuliza kwa nguvu, akaona nyota. Kisha ikawa kujipima. Alitikisa kiberiti kushoto, akasikia. Akakitikisa kulia, akasikia kama mchanga mbali. Baada ya muda akakitikisa tena, pengine pamefunguka. Adhana ikilia, hakujua inatokea msikiti gani, na hilo lilimtisha kuliko yote, maana aliona sauti ya kuitwa kwenye kheri ndiyo ya kwanza kuondolewa mtu anayekwenda zake.

Jumatatu kichwa kilimuuma.

Kwa kweli kingewezaje kutouma? Alikuwa hali, halali, na meno ameyauma tangu Ijumaa. Lakini yeye alisikia sauti ya Kadii, Jumatatu kichwa kikaanza, akaketi kitandani akangojea Ijumaa.

Wifi yake, Zeina, dada wa Farjallah, alikaa nyumba ya ng'ambo ya njia na kupika mahamri ya kuuza. Alikuwa mfupi, mnene, na ulimi wake haukupumzika hata Ijumaa. Alipoingia asubuhi hiyo alimkuta Mwanatumu anakunja kanga zake na kuzipanga mafungu mafungu.

"Unahama?" Zeina akauliza.

"Hebu nena neno upande huu, wifi. Kwa sauti ndogo."

Zeina akamsogelea sikio la kulia akanong'ona.

"Umesema nini?"

"Nimesema kaka yangu ameoa kiziwi."

"Fanya mzaha. Hili fungu la rangi ya udongo ni lako. Hizi mpya nimewawekea wanangu. Farjallah asioe kabla ya eda ya mwaka."

"Mwanamume hana eda."

"Nimemuwekea mimi."

Zeina alicheka, kisha akazitazama zile kanga akaacha kucheka. "Mwanatumu, sikio limeziba tu. Hata mimi liliziba mwaka juzi, nilipokuwa nikiogelea pale kwenye mawe. Lilifunguka lenyewe nikipiga chafya."

"Wewe hukumuona yule msichana wa Ganda."

"Sikumuona. Wewe ndiye unayewaona, na ukimaliza hukubali kuwazika." Zeina akakaa kwenye ncha ya kitanda. "Shangazi yako anakuuliza. Tangu Ijumaa hujamkanyagia."

Hapo Mwanatumu alirudia kukunja kanga zake, na alikuwa na sababu. Bi Zuleikha alikuwa kitandani mwezi wa pili, na kila mtu alijua hanyanyuki tena. Mbele ya jamaa wote alikuwa ameusia kwamba asioshwe na mkono mwengine wowote ila wa Mwanatumu. "Nimemfunza mimi," alisema, "na mimi ndiye nitakayejua kama alishika." Mwanatumu alikubali, akaapa. Lakini tangu sikio lizibe alijua hawezi. Angeingiaje chumba kile na kifo chake mwenyewe kikimgonga kichwani? Angeshikaje maiti naye yu mlangoni? Na kumvunjia shangazi wasia ni aibu isiyofutika, si hapa duniani wala huko.

"Mwambie tutaonana," akasema.

"Lini?"

"Huko tuendako."

Zeina akasimama. "Vaa buibui."

"Niende wapi?"

"Nimesema vaa buibui. La sivyo nitamwambia kila anunuaye mahamri kwamba Mwanatumu mwosha maiti anaogopa nta ya sikio."

Hilo ndilo lililomwinua, maana fahari yake ilikuwa ndefu kama yeye mwenyewe. Walikwenda kwa Daktari Gerishom, mtu wa Rabai aliyekuwa na zahanati ndogo karibu na soko, mwenye nyusi nyeupe na sauti ya kusaga. Pale barazani walingoja zamu, na kila akikohoa mtu Mwanatumu alijivutia buibui puani. Alitaka sana kutoka akimbie. Kutojua kuna tumaini, aliwaza, lakini daktari akisema, basi imesemwa.

"Mama unaumwa na nini?" Daktari Gerishom akauliza walipoingia.

"Kichwa kinafura kwa ndani," Mwanatumu akasema. "Kimeanzia sikioni. Usinifiche, daktari, mimi si mtoto. Niambie kama itafika Ijumaa."

Daktari akamtazama Zeina. Zeina akatazama dari.

"Ngoja tuone sikio kwanza. Ijumaa itakuja yenyewe."

Alimulika kwa kile kitochi chake, akaguna, akamulika tena. Daktari akampa bakuli la bati alishike chini ya sikio, akavuta maji ya vuguvugu kwa bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, akayasukuma. Maji yalinguruma kichwani mwake kama mto Sabaki ukifurika. Alisoma shahada kimoyomoyo. Daktari akasukuma tena, na mara ya tatu akachukua koleo jembamba.

"Usitikisike."

Kitu kikavutwa, polepole, kikatoka na mlio. Na sauti za dunia zikamwingia zote pamoja, muuza samaki nje, baiskeli, kiti cha Zeina kikisogezwa, kila moja kali kama wembe. Ndani ya bakuli palikuwa na kidonge cheusicheusi, kimevimba kwa maji na mafuta. Daktari akakifungua kwa ncha ya koleo.

"Pamba," akasema. Akanusa. "Yanukia kafuri."

Zeina alimtazama wifi yake. Pamba ya kafuri kila mwanamke wa Shela anaijua harufu yake, na anajua huwekewa kina nani.

"Imefikaje mle?" daktari akauliza.

Mwanatumu alikuwa amejiinamia. Alisema kwa sauti ndogo hata ikawa zamu ya Zeina kutega sikio. Tangu redio ianze habari ya ugonjwa mpya alikuwa akijikatia vipande viwili kutoka kwenye bunda la pamba ya maiti, kabla hajamgusa marehemu, akijitia masikioni chini ya kanga pasipo mtu kuona. Alikuwa na hakika kwamba maradhi yakimtoka mtu aliyekufa hutafuta tundu la aliye hai. Akimaliza huzitoa. Siku ile ya Ganda alitoa ya kushoto, na alipokuwa anataka kutoa ya kulia, ndipo Kadii akamshika mkono akamwambia, yalianzia sikioni. Akaisahau. Aliingia kuoga nayo.

Zeina alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, machozi yakamtoka. "Wifi yangu," akasema, "umejikafini ungali hai." Kisha akaona mikono ya Mwanatumu, ile mikono mipana, inavyoling'ang'ania bakuli, haitaki kuliachia. Akalichukua bakuli akaliweka chini, wala hakucheka tena.

"Sikio zima," daktari akasema. "Ngozi imechubuka kidogo tu. Kichwa hakina kitu. Maradhi hayaingii kwa sikio, mama, na hayo ya redioni hayaenei kwa hewa. Kinga mikono yako kwenye damu, inatosha."

"Kichwa kilichoniuma?"

"Njaa."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Na kama pamba imeoza, ikateremka ndani?"

Daktari Gerishom akakaa kitini. "Mama, nikikuambia mara ngapi utaamini?"

"Mara hii tu."

"Nilishakuambia mara hii. Na kesho utarudi uniulize, na nitakujibu, na utalala usingizi mzuri usiku mmoja. Basi sikutazami kesho. Rudi mwezi ukiandama. Katikati hapo usilitie kidole, usilitie mafuta, wala usilipime kwa kitu chochote. Ukilipima litaziba."

"Litaziba kweli?"

"Hapa," akasema, akijigusa kipaji cha uso.

Mngedhani alirudi nyumbani anaimba. Hawajafika kona ya kwanza alikuwa amesimama. Ile pamba ilikaa humo tangu Ijumaa, na kafuri, kila mtu ajua, ikinywewa ni sumu. Je, haikuingia kwenye ubongo? Mbona sasa anasikia uzi mwembamba wa sauti, zii, zii?

"Nirudi nimuulize neno moja tu, wifi."

Zeina alimkamata mkono. "Hurudi."

"Neno moja."

"Ukirudi atakujibu, na kona ile pale utakuwa na jengine. Nakujua. Njoo, twende kwa shangazi yako."

"Naogopa, Zeina."

Katika miaka yote ya uwifi wao hajapata kulisema neno hilo. Zeina alimshika mkono tu, kama vile mtu amshikavyo kipofu, wakaenda.

Bi Zuleikha alikuwa amelala akitazama mlango, mdogo kitandani kama mtoto, lakini macho yake yalikuwa yale yale.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kunipima?"

"Nimekuja kukutazama."

"Ni hilo hilo." Akamwashiria Zeina atoke, Zeina akatoka. "Kaa. Karibu. Sina nguvu ya kupiga kelele, na nimesikia umekuwa kiziwi."

"Limefunguka."

"Vizuri, maana nina la kukuambia, na sisemi mara mbili." Bi Zuleikha alipumua, akapumzika, akaendelea. "Utakaponiosha utanikuta na kitu. Huku, ubavuni. Kikubwa. Nina miaka nacho, na sikumwonyesha mtu. Niliwaosha wengi wenye kitu kama hiki, nilijua mwisho wake, nikaona haya, nikaogopa. Utakiona peke yako. Usikiseme."

"Sitasema, shangazi. Mwosha hasemi."

"Hilo najua, nimekufunza mimi. Nina la pili." Mkono wake mkavu ukashika kifundo cha Mwanatumu. "Usikichukue. Nimekuona mara nyingi, mwanangu. Ukitoka kwa maiti wa tumbo wajishika tumbo. Ukitoka kwa maiti wa kifua wajishika kifua. Hiki ni changu. Nataka kwenda nacho."

Mwanatumu aliogopa wakati ule ule. Alipotajiwa ubavu, ubavu wake ulikuwa umekwisha anza kuchoma, na mkono wake wa kushoto, ule usioshikwa, ulikuwa njiani.

"Na kama nitashindwa?" akauliza.

"Kushindwa nini? Kuogopa? Ogopa. Mimi hapa naogopa. Nimewaambia wafiwa wengi kwamba hakuna maumivu, na leo nimelala hapa najiuliza nilijuaje." Macho ya Bi Zuleikha yalijaa maji, akayafumba. "Wewe usiniache uchi, basi. Na maji yasiwe ya baridi."

"Hayatakuwa ya baridi."

Alikaa pale mpaka shangazi alipopata usingizi, na kila siku baada ya hapo alikwenda, akiogopa kwenda na akiogopa kurudi. Sikio lilimwita. Kiberiti alimpa Zeina akae nacho kwake, na akitaka kuwasha moto ilimbidi avuke njia akaombe, na Zeina humuwashia mwenyewe kijinga cha mkaa akampa, kiberiti hampi. "Hata kaka yangu umemnyima chai kwa sababu ya sikio," humwambia. Kuna siku alifika karibu na soko, akauona mlango wa zahanati, akasimama juani muda mrefu, kisha akanunua ndimu asizozitaka akarudi.

Bi Zuleikha alikufa alasiri moja, mwezi haujaandama bado. Walipokuja kumwambia, Mwanatumu alikuwa anapepeta mchele. Aliuweka ungo chini. Akauokota tena, akaendelea kupepeta. Farjallah alimwona, akasema, "Kama huwezi, tutamtafuta mtu Mambrui. Mungu ni mwingi wa kusamehe."

"Ameusia mimi," akasema, akachukua buibui.

Ufuo ulikwisha chimbwa chumbani, lile shimo la chini ya kitanda la kupokea maji, na pazia limefungwa. Aliomba aachiwe chumba, abaki na Zeina tu wa kumpokeza maji, na Zeina akasimama upande wa pili wa pazia akipenyeza ndoo. Bunda la pamba lilikuwa juu ya kinu, jeupe. Mwanatumu alilitazama kidogo. Akakata vipande vya marehemu tu, akafunga lililobaki.

Alitia mkono ndoo ya kwanza. "Tia ya moto kidogo," akasema.

"Yatosha?"

"Bado. Haya, yatosha."

Alianza upande wa kulia wa marehemu, kama alivyofunzwa na huyu huyu aliyelala, shuka haijaondoka mwilini, mkono ukipita chini yake. Ulipofika ubavuni ulikikuta. Kilikuwa kikubwa kuliko alivyofikiri, kigumu, baridi. Hapo hofu ilikuja yote. Ilimpanda kutoka nyayo, masikio yakavuma, ubavu wake ukaungua mahali pale pale, sawasawa, kama amechomwa kwa kidole cha mtu. Alijua yu nacho. Alikijua kama anavyolijua jina lake. Mkono wake ukaacha maiti, ukainuka, ukaja kwenye ubavu wake.

Maji yaliyokuwa ndani ya kata yalikuwa yanapoa.

"Wifi?" Zeina akauliza nyuma ya pazia. "Mbona kimya?"

Mwanatumu aliurudisha mkono. Haukutaka, akaurudisha. Akateka, akamwaga juu ya ubavu wa Bi Zuleikha, polepole, akapitisha kiganja juu ya kile kitu, akakiosha kama alivyoosha bega na kama atakavyoosha mguu, wala hakukiminya kukijua. Ubavu wake uliendelea kuchoma. Aliuacha uchome.

"Lete ndoo nyingine," akasema. "Na uutazame moto wa maji."